Mbona Mimi Hunitukani

Cherehani yangu iko barazani mwa duka la vitambaa, pembeni mwa soko la Korogwe, na jirani yangu wa karibu ni mwanamke wa Kinyamwezi anayeuza dagaa na mchele. Tumekaa hivyo miaka mingi, yeye na mizani yake, mimi na mkasi wangu. Babu yake aliletwa na treni kutoka Tabora kuja kukata mkonge enzi za wakoloni, akaoa huku, akazeeka huku, akazikwa huku. Yeye mwenyewe Tabora hajawahi kuiona. Lakini ni Mnyamwezi, tena wa kujitangaza, na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani, hapiti Mzigua mbele ya meza yake akasalimika.

"Wewe mwenye kichwa kama kinu, hebu njoo," atamwita mama mtu mzima aliyejitanda ushungi wake vizuri. "Leo umekuja kuiba au kununua?"

Yule mama naye habaki nyuma. "Nimekuja kuangalia kama bado unachanganya mchele na mchanga. Na hilo gunia mbona umeliacha chini? Mnyamwezi gani asiyejua kubeba?"

Watacheka, watasukumana, mama atachota dagaa kiganja kizima na kuondoka nao bila kuaga, na Mnyamwezi atamlaani mpaka apotee kwenye watu. Mtu asiyejua atadhani ni ugomvi. Hakuna ugomvi hapo. Wale wanajuana tangu kabla hawajazaliwa.

Halafu ananigeukia mimi, na uso wake unabadilika. Sauti inashuka, inakuwa ya mtu anayeongea na mhudumu wa benki. "Umeshindaje dada? Habari za huko kwenu?"

Kwetu ni Handeni. Ukitoka Korogwe asubuhi unapitia Segera, unashuka Kabuku, unachukua bodaboda, na mchana unakula ugali nyumbani. Lakini anaposema huko kwenu hamaanishi Handeni. Mimi najua, na yeye anajua kwamba najua. Namjibu salama, nashukuru, na nakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kinavyohitaji.

Nieleze mapema, maana watu huchanganyikiwa hapa. Mababu zangu walikuwa Wazigua wa huku huku. Ilipoingia njaa kubwa, zamani sana, wengine walijipeleka pwani kutafuta chakula, wakabadilishwa kwa mahindi, wakapakiwa na kupelekwa Somalia kuwa watumwa. Waliofanikiwa kuwatoroka mabwana zao wakaingia msituni kando ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakakaa pamoja na kusema Kizigua chao. Bibi yangu alizaliwa huko, baba alizaliwa huko, na mimi pia. Vita vilipotufukuza tukaja huku, serikali ikatupokea, tukapewa ardhi Handeni, na baadaye uraia. Nilikuja mdogo sana. Somalia ninayoikumbuka mimi ni mgongo wa mama na harufu ya mkeka uliolowa.

Kule, alivyosimulia baba, walituita watu wa nywele ngumu. Hatukuruhusiwa kuoa kwao, chai tulipewa kwenye vikombe vyetu peke yetu, na wakikasirika walituambia turudi Tanganyika. Tukarudi Tanganyika. Huku wakatuita Wasomali.

Sisemi tulipigwa, wala sisemi tulifukuzwa. Watu wa huku ni wapole, na upole wenyewe ndio ulionichosha. Mama mwenye nyumba ninayopanga aliniuliza maswali aliyokuwa hamuulizi mpangaji mwingine yeyote, akataka nimlete mtu wa kunidhamini, halafu akanishika mkono kwa huruma kabisa. "Mimi sina ubaguzi mwanangu," aliniambia, "ila nyie Wasomali chumba kimoja mnaingia ukoo mzima." Nimekaa peke yangu kwenye kile chumba tangu siku hiyo. Bomba la uani likikutwa halijafungwa vizuri, mlango wa kwanza kugongwa ni wangu. Wateja wananisifu kwamba najua Kiswahili vizuri, na mimi shule nzima nimesoma hapa, tena nilichapwa fimbo kwa Kiswahili. Kuna mwingine alisubiri gauni lake nimalize kulipindia, akaliangalia, akasema kumbe na nyie mnashona. Nilitamani kulifumua.

Na barabarani. Siku moja kwenye basi, kwenye kizuizi, aliingia mkaguzi akapita viti vyote mpaka kwangu. Alipita wafanyabiashara wa Dar, akapita vijana wawili wa Kimasai na fimbo zao wanaotoka mnadani, akasimama mbele yangu.

"Wewe mama unatoka wapi?"

"Handeni."

"Handeni kabisa kabisa?"

"Kabisa."

Akanitazama kama muuza nguo anayekagua mtumba. "Kabila gani?"

"Mzigua."

"Hebu sema Kizigua tusikie."

Yeye mwenyewe kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Mara, Kizigua angekitambulia wapi. Nikasema. Nilimwambia kwa Kizigua kwamba watu wana safari zao na jua linawaka. Mkaguzi akageuka kumtafuta wa kumthibitishia, na bibi mmoja wa kiti cha mbele akaangua kicheko. "Huyo Mzigua, baba," alisema. "Tena anasema Kizigua cha marehemu bibi yangu. Hayo maneno siku hizi hatuyatumii." Basi zima likacheka, mkaguzi akashuka. Nilipaswa kufurahi. Lakini yule bibi aliponigeukia, aliniuliza kwa upole uleule, "Na huko Somalia mlijifunzia wapi?"

Nilimsimulia baba kisa hicho nikitoa povu. Yeye alicheka. Baba alikuwa mtu mtulivu, mrefu, anavaa koti la buluu kiangazi na masika, na redio yake ndogo haimtoki kwapani. Mimi ndiye niliyeishonea ile redio mfuko wa vipande vya kitenge, na akienda shamba alikuwa anaining'iniza kwenye mti wa karibu, analima huku akisikiliza taarifa za habari za nchi ambazo hatazifikia. Hakuwa na makuu. Kuna jambo moja tu alilokuwa analitaka, na lilikuwa la ajabu.

Baba alikuwa anapenda misiba ya watu. Akisikia kuna msiba vijiji vya jirani, Kwaluguru au Mazingara, hata wa mtu asiyemfahamu, anavaa koti lake na kwenda kwa mguu. Wenyeji walimsifia kwamba yule mzee wa Kisomali ana huruma sana. Huruma alikuwa nayo, lakini hakuwa anafuata huruma. Alikuwa anawafuata watani. Alikuwa anajitafutia mahali karibu na mlango awaone vizuri watakapoingia, wale watu wanaokuja kulia kwa kejeli, wanaovaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake, wanaomkamata kuku na kuzuia jeneza mpaka wapewe chao. Usiku ule ule au kesho yake atatusimulia yote, nani kaiga kikohozi cha marehemu, nani kaondoka na sufuria ya wali, na wafiwa walivyocheka wakati machozi hayajakauka.

"Kizigua tulikibeba," aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi uani kwake. "Ngoma tukazibeba, hadithi za sungura tukazibeba. Utani hatukuweza kuubeba, kwa sababu nusu yake iko kwa mwenzako. Kule Juba tulizikana kimya. Bibi yako alizikwa kimya, na alikuwa akilalamika kabla ya kufa."

Nikamwambia huo ni utoto, watu wanataka heshima kwenye msiba.

"Heshima tumepewa tangu tumefika," alisema. "Shikamoo mzee, pole mzee, kaa hapa mzee kwenye kiti. Mimi siku yangu nataka mtu avae hili koti anicheke. Anayechekwa ndiye mwenyeji." Akaendelea kupukuchua, akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia, "Lakini nani atakuja? Nani anamtania Msomali?"

Kwa miaka yote baba alikuwa anakataa kuitwa hivyo. Siku hiyo alijiita mwenyewe. Niliumia vibaya sana, na hasira zangu, kama kawaida yake, zikatafuta mtu wa karibu.

Nikarudi Korogwe nazo. Kesho yake sokoni Mnyamwezi alikuwa amemaliza kumwita mzee mmoja wa Kizigua mwizi wa mbuzi, mzee akaondoka anacheka na pakacha lake, na mimi nikaacha kushona.

"Dada, nikuulize. Mbona mimi hunitukani?"

Akabaki na kopo la dagaa mkononi. "Nikutukane? Umenikosea nini?"

"Huyo mzee amekukosea nini?"

"Si Mzigua huyo."

"Na mimi Mzigua."

Aliangalia kushoto na kulia, kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani. "Wewe si wa kule, dada?"

"Na wewe si wa Tabora? Umewahi kufika Tabora?"

"Hilo ni lingine."

"Lingine kivipi? Babu yako kaja na treni, baba yangu kaja akikimbia vita. Wewe umekuwa mtani wa kila mtu, mimi nimekuwa mgeni wa kila mtu." Nilikuwa nimeshaanza, sikuweza kunyamaza. Nikamwambia habari za mababu, za mahindi, za mto Juba, za baba na koti lake na anavyokaa milangoni mwa misiba ya watu. Aliyesimama kununua mchele akaahirisha akaondoka.

Mnyamwezi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa upole, ule ule ambao nilikuwa naulalamikia, "Dada yangu, utani hauombwi. Nikikutania na wewe hujakulia humo, nitakuwa nimekutukana kweli. Halafu tutakaaje hapa?"

Nilijiona kama mtu aliyeenda kuomba chumvi jirani akaambiwa imekwisha, na huku anaiona mezani. Tukashinda siku ile hatusemeshani, na siku zilizofuata tukarudi kwenye habari za asubuhi na habari za jioni. Nilimchukia. Niliona bora mama mwenye nyumba, anayenibagua na kujisifu kwamba habagui, kuliko huyu aliyeelewa kila kitu na bado akanifungia mlango.

Baba alianguka shambani wakati wa palizi. Kaka yangu alinipigia simu mchana, nikiwa katikati ya kushona sare za shule, akasema njoo, na kwa jinsi alivyolitamka lile neno moja sikuhitaji la pili. Nilifunika cherehani. Mnyamwezi aliniuliza kuna nini, nikamwambia baba amefariki. Akasimama, akanishika mabega, akasema pole sana dada yangu, Mungu amlaze pema. Maneno mazuri, kila mtu huyasema. Kwenye basi nililia mpaka Kabuku, na sikulia kwa ajili ya baba peke yake. Nililia kwa sababu kesho baba atazikwa kimya, kama mama yake.

Asubuhi uwanja wetu ulikuwa umejaa. Watu wa makazi yetu, wale tuliotoka nao Somalia, walikuwepo wote, na Wazigua wa vijiji vya jirani walikuja pia, wengi kuliko nilivyotegemea, maana baba hakuwa amekosa msiba wao hata mmoja. Walikaa upande wao chini ya turubai. Wanawake wao walisaidia kuchambua mchele na kuteka maji, wakinong'ona na kutupisha. Mzee mmoja wa Kwaluguru, mwenye fimbo, ambaye ndiye aliyekuwa anaangaliwa na wenzake, alimfuata kaka.

"Pole sana kijana. Sasa kwa mila zenu mnafanyaje? Tuelekezeni, tusije tukaharibu."

"Tunazika tu, mzee," kaka alijibu. "Kiislamu."

"Basi vizuri," alisema mzee, akarudi kukaa.

Mila zenu. Nilimvuta kaka pembeni nikamwambia tutume mtu hata Kabuku, akatafute mtani yeyote, Mnyamwezi, Mdoe, yeyote. Kaka yangu ni mtu aliyepigana kila siku shuleni kwa sababu ya jina la Msomali. Amejifunza kuishi kwa kutotaka chochote kwa mtu. Aliniambia nisimuaibishe, tusiende kuombaomba watu wa kutucheka. "Tumechekwa vya kutosha," alisema. Maiti ilishaoshwa na kuvikwa sanda, sheikh alishafika, na wanaume walikuwa wanajipanga kuingia ndani kulichukua jeneza.

Ndipo ikaingia bodaboda, kasi, mpaka karibu na majiko. Ilikuwa imepakia wanawake wawili. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa jirani yangu wa sokoni, na nyuma yake dada yake, ambaye nilikuwa namwona mara mojamoja sokoni akileta mzigo. Hakunisalimia. Hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja kwenye sufuria, akaonja wali, akautema chini.

"Hata chumvi! Mzigua hata afe, chumvi hatoi!"

Akaingia barazani, akalikuta koti la buluu limetundikwa msumarini, akalivaa. Lilimfika magotini. Akaichukua redio iliyokuwa imewekwa chini ya lile koti, akaibana kwapani, akatembea kutoka ukutani mpaka mlangoni, mrefu mrefu, shingo mbele, kama baba. Nilikuwa nimemsimulia yote mwenyewe, lakini ule mwendo sikumwonyesha. Labda alimwona baba siku moja alipokuja kunitembelea sokoni. Halafu akakaa mlangoni, miguu ameinyoosha, akaziba njia.

"Haitoki maiti hapa!" alipiga kelele. "Nyie Wazigua mliuzana kwa mahindi! Babu kamuuza mjukuu, mjomba kamuuza mpwa, mkala mkashiba! Huyu naye mmeshamuuza? Kwa debe ngapi? Nataka changu!"

Kaka alimrukia. Alimshika mkono akamvuta juu, macho yamemtoka, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshanyanyuka. Mimi namfahamu kaka yangu, angempiga. Maneno yale yalikuwa yamelenga pale pale tunapoumia. Yalikuwa kweli tupu, ndiyo historia yetu yote, na hakuna mtu aliyewahi kututamkia hadharani. Mnyamwezi hakujitetea. Alinitazama mimi. Niliona anaogopa, na nikaelewa kwamba kuanzia hapo jambo halikuwa la kwake tena, lilikuwa la kwangu. Wazigua wa chini ya turubai nao walikuwa wanatutazama, mzee wa fimbo mbele yao, wakisubiri kuona sisi ni akina nani.

Nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Sisi tuliuzwa, ndiyo! Tulikuwa na bei! Nyie Wanyamwezi mlibebeshwa mizigo bure kutoka Tabora mpaka baharini, na mlipofika mkasahau njia ya kurudi! Muache kaka, huyo ni punda wetu, kapumzika mlangoni."

Kisha bibi mmoja wa Mazingara, aliyekuwa anapepeta mchele, akaangusha ungo. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kicheko kikahamia kwa wanawake, kikavuka kwenda chini ya turubai, na mzee wa fimbo akasimama.

"Umemjibu vizuri mwanangu!" alisema. "Na mwambie tena, mzee wetu haondoki na aibu ya Mnyamwezi mlangoni! Wewe mama, toka hapo, unamzuia mzee wetu!"

"Sitoki, mzee mwizi wa mbuzi!"

"Mbuzi alikuwa wa babu yako? Babu yako alikuwa na mbuzi, au alikuwa na mzigo kichwani?"

Sasa walikuwa wanagombana wao, Wazigua wa vijiji na Wanyamwezi wawili, na sisi tumekuwa ndio wanaogombaniwa. Mzee wetu. Alisema mzee wetu, tena mara mbili, na hakuwa anatufanyia hisani, alikuwa na hasira za kweli za utani. Kaka alikuwa amemwachia Mnyamwezi mkono. Alikuwa amesimama katikati yao na machozi yanamtiririka, anacheka, na anaonekana kama hajui kama anaruhusiwa. Nilimwambia acheke tu.

Sheikh alikohoa, akasema jua linapanda. Basi wakapatana haraka haraka. Mnyamwezi alitaka kuku, redio na sinia la wali, mzee wa fimbo akamnyima kuku kwa niaba yetu bila kutuuliza, na mwishowe akaondoka mlangoni na redio tu. Koti alilivua, akalikunja vizuri, akanipa. Alinong'ona sikioni kwangu, "Usinione mbaya. Sikuwa na uhakika kama utajibu." Wanaume wakalibeba jeneza. Wa makazi yetu na wa vijijini walipokezana njia nzima, na sisi wanawake tukabaki uani tukiendelea kutukanana.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalibadilika. Nikirudi Korogwe baada ya matanga, kwenye kizuizi kile kile aliingia mkaguzi mwingine, akapita viti vyote, akasimama kwangu. Kabisa kabisa? Kabisa. Mama mwenye nyumba alinipa pole ya msiba, na wiki hiyo hiyo akagonga kuniuliza kuhusu bomba.

Ila sokoni kuna jambo. Redio ya baba imekaa kando ya mizani ya Mnyamwezi, ndani ya mfuko wa kitenge nilioushona, na inasema taarifa za habari kutwa nzima. Mwanzoni ilikuwa inanichoma. Sasa ikizimika mimi ndiye ninayemwambia abadilishe betri.

Juzi alikuja mama mwenye nyumba kununua dagaa. Alinisalimia kwa upole wake, akaigeukia redio, akaushika ule mfuko.

"Nzuri hii. Umenunua wapi?"

"Sijanunua," alisema Mnyamwezi akiendelea kupima. "Nimewaibia Wazigua, msibani kwao."

"Wazigua gani?"

Akaninyooshea kopo la dagaa. "Si huyo hapo."

Mama mwenye nyumba akanigeukia. Alinitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, taratibu, kama ananihesabu upya, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

"Usimwangalie sana mama," Mnyamwezi akamwambia. "Atakuuza kwa mahindi. Ndiyo zao hawa."

Nikamwambia apime dagaa wa watu aache maneno, punda yule, halafu nikainama nikaendelea kushona, maana machozi yalikuwa yamenijaa na nilikuwa sitaki mama mwenye nyumba aanze kunipa pole.